Malazi ya Mpakani: Safari Yetu ya Busia na Malaba



Sisi watu wa pwani tumezaliwa katikati ya hoteli. Ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu umejaa majumba ya kulaza wageni, na vijana wetu wametandika vitanda vyake, wamepika majikoni mwake na kubeba mizigo ya watu waliotoka mbali. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kulala humo kwa fedha zao. Tukisafiri, twaenda kwa ndugu. Lamu kuna ami, Tanga kuna mkwe, Unguja hakosekani shangazi, na hata Nairobi yuko mtu wa Pumwani au Eastleigh wa kututandikia godoro sebuleni. Kwa hiyo tumekuwa mafundi wa kupokea wageni, ilhali ugeni wa kulipa hatuujui. Jambo hilo tulilitambua Busia, tukiwa na watu wazima na watoto nyuma yetu, saa nne usiku. Twalieleza bila kujipamba kwa sababu likizo ya shule imekaribia, na zaidi ya familia moja imetuuliza walale wapi wakienda Uganda kwa njia ya barabara.

Safari yetu ilikuwa ya furaha. Mpwa wetu alihitimu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, chuo kilichofunguliwa mwaka 1988 na ambacho vijana wengi wa pwani hii wamesomea. Bibi yake, yaani mama yetu mzazi, umri wake umevuka miaka 70 na goti lake moja halikunjiki vyema, lakini alikuwa ameapa kwamba lazima amwone mjukuu wake amevaa joho. Tukawa watu sita: mama, ahali yetu, dada yetu ambaye ndiye mama wa kijana, binti zetu wawili, na sisi tuliopewa uamiri wa safari.

Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda ni zaidi ya kilomita 900. Tulipanda treni hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, na baada ya sala ya Alfajiri tukaingia basi. Msafiri wa kwenda Uganda ana milango miwili mikubwa upande huo. Akipita Kisumu atafika Busia, na akipita Eldoret na Bungoma atafika Malaba. Miji hiyo miwili iko katika kaunti moja, kaunti ya Busia, na umbali kati yake ni kama kilomita 30. Kwa mtu wa kwenda Mbale, Malaba ndiyo karibu, maana ukivuka tu Tororo iko mbele yako. Lakini basi lililokuwa na viti sita pamoja lilikuwa la Busia, nasi hatukutaka kumtenga mama na binti zake.

Sasa habari ya malazi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitutafutia katika simu, akatuonyesha picha za nyumba ya wageni mjini Busia: shuka nyeupe, maua kwenye chungu, mlango wa bluu, na chini yake maneno "chakula halali". Bei ilikuwa shilingi 1,300 kwa chumba. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusafiri huko alitutajia nyumba nyingine ya shilingi 2,000. Tukapiga hesabu. Kwa vyumba vitatu, tofauti ilikuwa shilingi 2,100. Tukawaambia watu wetu kwamba fedha hizo afadhali ziende katika zawadi ya mhitimu, na wote wakaona ni busara. Ukweli ni kwamba zawadi ilikuwa imekwisha kununuliwa. Ubahili ulitushika, na lile neno "halali" likatupa udhuru.

Tukatuma malipo ya awali kwa M-Pesa, tukatulia.

Basi liliharibika baada ya Kericho. Tulikaa kando ya njia saa nyingi, na tulipofika Busia ilikuwa saa nne usiku. Yeyote asiyepata kuuona mji ule usiku asidhani kwamba hulala mapema kama miji midogo mingine ya bara. Taa zinawaka, nyama inachomwa, redio za maduka zinashindana, wabadilisha fedha wangali na mabunda mikononi. Waendesha pikipiki walituzunguka kabla hatujashusha mizigo, na ni haki yao kujisikia wenyeji wa kazi hiyo, kwani hata jina la bodaboda lilizaliwa hapo mpakani, zama za baiskeli zilizovusha watu kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wenyewe wakiita "boda, boda".

Nyumba ilikuwa ghorofa. Hakuna picha iliyoonyesha ngazi, wala hatukuuliza. Chini palikuwa na baa, muziki ukitikisa dirisha, na kando ya baa mlango wa jikoni ulioandikwa "halali" kwa rangi ya kijani. Kreti za bia zilikuwa zimepangwa kandokando ya mlango huo huo. Kijana wa mapokezi alitusalimu kwa heshima. Tulipomwonyesha kreti kwa jicho tu, bila kunena, alielewa.

"Sheikh, nyama ni halali kabisa, mchinjaji ni Mwislamu. Bia ni ya jirani."

Jirani mwenyewe alikuwa wa ukuta mmoja, na baadaye tulijua kwamba hata tajiri ni mmoja. Hata hivyo kijana hakusema uongo kuhusu nyama. Sisi ndio tuliosoma neno moja juu ya mlango wa jikoni tukalitandaza juu ya nyumba nzima.

Vyumba vilikuwa viwili, si vitatu. Cha tatu kilikwisha kupewa mtu mwingine kwa kuwa tulikawia. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, cha watu wote, na maji yalikuwa ndani ya mtungi wa lita 20. Mama alipanda ngazi akiwa amemshika dada yetu bega, kidato kimoja kimoja, na wanaume wakishuka kwa kelele kupita pembeni yake. Tukamweka chumba kimoja pamoja na dada, ahali yetu na mabinti wakaingia cha pili, na sisi tukachukua kiti cha plastiki tukakaa ukumbini.

Ilipofika saa nane hivi, mtu mmoja aliyelewa alikuja akausukuma mlango wa chumba cha mabinti. Hakuwa na nia mbaya, alidhani ni chumba chake, maana milango yote ilifanana na namba zilikuwa zimefutika. Lakini kitasa kilikuwa kibovu, na mlango ulifunguka kiasi cha kiganja kabla hatujamshika mkono. Binti yetu mdogo alipiga ukelele. Yule mtu aliomba radhi mara nyingi kuliko tulivyotaka kusikia. Baada ya hapo hakuna aliyelala. Kupitia uwazi wa mlango wa pili tulimwona mama ameketi kitandani na buibui lake mwilini, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

Asubuhi alituuliza: "Mwanangu, hapa ulilipa kiasi gani?"

Tukamwambia.

"Na ile nyingine aliyokutajia mwenzako?"

Tukamwambia pia. Hakujibu kitu. Aliomba viatu vyake.

Tuliandika sentensi hizi mbili tatu tukazifuta mara kadhaa, kwa sababu si fahari mtu wa elimu kueleza namna alivyowalaza wanawake wa nyumbani kwake. Lakini tukiificha, msomaji atasafiri vile vile tulivyosafiri.

Katika sala ya Alfajiri msikitini, kabla ya hayo maswali ya mama, tulikaa na dereva wa lori la mafuta, mtu wa Mombasa kwa kuzaliwa, aliyekuwa akingoja kuvuka. Malori ndiyo moyo wa miji hii. Mzigo ulioshushwa Kilindini kwetu hupita hapa kwenda Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na mafuta hupakiwa kwenye maghala ya Eldoret na Kisumu yakaja kujipanga foleni Busia na Malaba. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa, foleni hizo zilienea kwa makilomita mengi na watu wakalala ndani ya vyumba vya malori kwa siku kadhaa. Nyumba nyingi za wageni mpakani zilijengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Anahitaji mahali pa kulaza lori palipo na mlinzi, maji ya kuoga, chakula cha usiku wa manane, na mlango usiofungwa kwa kuwa hajui ataitwa saa ngapi. Basi kelele tuliyoilaumu ni kelele ya riziki ya watu, na wengi wao ni watoto wa mitaa yetu. Kosa ni kumpeleka ajuza na wasichana mahali palipotengenezwa kwa ajili ya dereva.

Dereva huyo alicheka alipotajiwa picha za simu. Alisema picha hupigwa siku ya kwanza shuka inapotandikwa. Yeye, anapotakiwa kumtafutia mkewe malazi, hupiga simu kwenye nyumba ile saa tatu au saa nne usiku, wakati ambao hakuna mtu hupiga. Anauliza swali lolote, hata bei ya chai. "Sheikh, jibu lenyewe si kitu," alituambia. "Sikiliza kilicho nyuma ya jibu." Kama ni muziki, utausikia. Kama ni ulevi, utausikia. Kama simu haipokelewi, basi hata ukifika usiku mlango hautafunguliwa. Tena huuliza ni akina nani hulala pale siku za katikati ya wiki, kwani nyumba hujulikana kwa wateja wake wa Jumanne, na ni kitu gani kiko chini yake na nyuma yake. Mwisho huuliza kama chumba cha chini kipo, na kama kitalindwa basi likichelewa. Sisi tuliosoma vitabu vya fiqhi ya safari tangu utotoni hatukuwahi kuwaza hata moja la hayo.

Na imamu wa hapo alitulaumu kwa upole. Alitaka kujua kwa nini hatukupiga simu msikitini. Wao wanajua kila nyumba mjini, ipi ya familia na ipi si ya familia, na hakika wangetukaribisha majumbani mwao. Tukasema hatukutaka kuwasumbua. Akasema sisi watu wa pwani ndivyo tulivyo, twawapokea watu wote lakini kuomba kupokewa twaona aibu. Mwenyewe asili yake ni upande wa Mumias, na alitukumbusha kwamba Uislamu wa huko ulifika na misafara ya biashara ya pwani katika karne ya 19, ilipokaribishwa kwa Nabongo. Wale wazee wetu hawakukuta nyumba ya wageni yenye maua kwenye chungu. Walitafuta himaya ya mwenyeji kwanza, na kitanda kikafuata.

Kuvuka hakukutupa taabu. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na tangu hapo mtu husimama mara moja tu, katika jengo la nchi anayoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa humo. Vitambulisho vya watu wazima, hati za watoto na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi, si chini ya begi. Habari za Mbale tutaziandika siku nyingine. Inatosha kusema kwamba joho lilivaliwa, na mama alilia kwa vigelegele.

Siku mbili kabla ya kurudi tulipiga simu Malaba, saa tatu unusu usiku, kwenye nyumba tuliyoelekezwa na imamu yule. Mwanamke alipokea. Nyuma ya sauti yake tulisikia vyura, na mahali fulani mbali mlio wa treni. Kabla hatujauliza bei, yeye ndiye aliyeanza kuuliza: mko wangapi, wanawake ni wangapi, yupo mzee asiyeweza ngazi? Kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia. "Nyama sitawapikia, kwa sababu masharti yenu siyajui vizuri nisije nikawakosesha. Samaki, mayai na mboga nitapika, na pombe haiingii kwangu." Bei ilikuwa shilingi 2,200. Tukalipa vyumba vitatu bila kupiga hesabu ya pili.

Mwenye nyumba ni Mteso, Mkristo, mwalimu mstaafu. Ukutani kwake hapakuwa na neno "halali" wala alama yoyote ya kumwita Mwislamu. Nyumba yenyewe iko mbali kidogo na barabara ya malori, vyumba vyote chini, choo na bafu ndani ya kila chumba, kitasa kinachofunga na komeo juu yake. Kila kitanda kilikuwa na chandarua kisicho na tundu, na hilo si jambo dogo, maana malaria katika ukanda huu ni kali. Jioni alikuja kuuliza tunasali saa ngapi ili msichana wa usafi asigonge mlango. Akatuletea mikeka miwili iliyofuliwa.

Hapo lilitokea jambo la kuchekesha ambalo wasomaji wafungaji walizingatie. Ahali yetu alikuwa akilipa kadha ya Ramadhani, na sisi tukatazama ratiba ya sala katika simu, tukatangaza kwamba Magharibi imeingia. Tende zilikuwa tayari mkononi. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipita na sahani ya samaki, akasimama. "Sheikh, mnafungua kwa jua gani? Lile pale bado lipo." Tukageuka, na kweli jua lilikuwa juu ya miti. Ratiba ilikuwa ya Mombasa. Saa za ukutani ni zile zile, lakini Malaba iko magharibi ya Mombasa kwa umbali mkubwa, na jua huko huchelewa kwa dakika 20 na ushei. Aliyesilimisha saa yetu jioni ile alikuwa Mkristo. Kibla nayo yataka uangalifu. Mombasa twaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, ilhali Busia na Malaba uso hugeuka kidogo upande wa mashariki.

Na wakati tuko kwenye maneno, tuongeze hili dogo. Msafiri wetu asipite Kenya bara akiuliza "hoteli" usiku akitaka kitanda. Ataonyeshwa mahali pa chai na chapati. Aulize gesti au lojing. Binti yetu mkubwa aliuliza hoteli mjini Malaba, akarudishwa na pikipiki akiwa na ndizi za kukaanga.

Usiku ule mama alilala. Tulijua kwa sababu tulipoamka kusali tulimsikia akikoroma kupitia ukuta, na katika umri wetu huu hatujapata kusikia sauti nzuri zaidi. Treni ya mizigo ilipita kabla ya Alfajiri, ikipiga honi kuelekea Tororo, juu ya ile reli iliyofikishwa Kampala mwaka 1931. Asubuhi mama alikuwa nje, ameketi chini ya mwembe na mwenye nyumba, wakichambua mboga na kuzungumza habari za magoti yao. Alipotuona hakutusubiri tusalimie.

"Mwanangu, basi la leo ni la lazima?"

Tukasema halikuwa la lazima.

"Basi tulale usiku mwingine. Hii nitalipa mimi."

Alifungua kile kile kimkoba alichokipakata Busia, akatoa noti zilizokunjwa ndani ya leso, akamhesabia mwenzake mbele yetu. Tulijaribu kuzuia, akatutazama tukanyamaza. Tulikaa siku hiyo ya pili tukikusanya na kupunguza sala zetu kama kawaida ya msafiri, watoto wakaenda kuangalia malori kutoka mbali, na hakuna aliyetaja shilingi 2,100.

Tulipoagana tulimuuliza mwenye nyumba tumletee nini kutoka pwani. Alifikiri kidogo, akasema aliwahi kula halua mara moja, zamani, alipopelekwa Mombasa na shule, na hajasahau. Mwezi uliofuata mama alinunua kilo mbili, akazifunga mwenyewe kwa gazeti na nailoni, na dereva wetu wa lori la mafuta akazibeba. Alitupigia simu akiwa kwenye foleni ya Malaba kutuambia kwamba zimefika, ila kifungo kimoja kilifunguka njiani na yeye na turniboi wake wameonja.